Moto Ndani ya Nyumba na Amana ya Ufunguo

KHUTBA YA KWANZA

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyetuumba kwa uwezo wake na akatupa vya duniani tuvitumie kwa akili na kwa shukurani. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba wake, na kila afuataye uongozi wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni, na kuiusia nafsi yangu kwanza, kumcha Mola wetu. Na kumcha Mwenyezi Mungu hakuishii katika sala na saumu. Ni katika ucha Mungu pia mtu kuzichunga roho zilizowekwa chini ya mkono wake: mke, watoto, wazee, mgeni aliyelala kwake, na mwanafunzi aliyeletwa na wazazi wake chuoni.

Leo, ndugu wasikilizaji, maneno yetu ni juu ya moto. Simaanishi Moto wa Akhera, ambao Mola atuepushe nao. Namaanisha moto huu tuupikiao na tuuotao, pale unapotoka mahali pake ukaingia mahali tulalapo.

Mwenyezi Mungu (S.W.), katika Suratul Waaqia, aya ya 71 mpaka ya 73, anatuuliza habari za moto tuuwashao, kisha anatujulisha kuwa ameufanya uwe ukumbusho na uwe manufaa kwa wenye haja. Basi moto ni neema. Lakini neema isiyochungwa hugeuka. Sahaba Abu Musa Al-Ash'ari (R.A.) anasimulia, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba nyumba moja mjini Madina iliungua usiku na watu wake wamo ndani. Mtume (S.A.W.) alipopewa habari hakuishia kusikitika. Aliwajulisha masahaba kuwa moto huu ni adui yao, akawaamrisha wauzime wanapotaka kulala. Na katika hadithi ya Jabir bin Abdillahi (R.A.) aliitaja hata njia ambayo moto hupitia: panya huuburuta utambi wa taa, na watu wa nyumba wakaungua.

Tazameni, ndugu zangu, namna Mtume wetu alivyotufundisha. Ametaja panya, ametaja utambi, ametaja usiku. Ametufundisha kuitafuta sababu kabla msiba haujafika. Basi na sisi tuitazame sababu.

Moto hauishi ila kwa vitu vitatu: kitu cha kuungua, joto la kukiwasha, na hewa. Ukiondoa kimoja katika vitatu hivyo, umekufa. Mama afunikaye sufuria ya mafuta yaliyoshika moto ameunyima hewa. Anayemwagia maji kuni ameliondoa joto. Anayefyeka majani kuizunguka nyumba ameondoa chakula cha moto. Hayo wengi wetu tunayajua. Tusichokijua ni jinsi moto unavyokwenda ukiwa ndani ya chumba, maana moto wa chumbani si sawa na moto wa uani.

Moto wa uani moshi wake na joto lake hupanda juu, ukapotea. Moto wa chumbani joto lake hupanda likakutana na dari au paa, likakosa pa kwenda. Hapo moshi wa moto hutandaa chini ya dari kama wingu, ukaenea mpaka kutani, kisha ukaanza kushuka. Wingu hilo huzidi unene na huzidi joto kila kitambo kidogo, nalo hulirudisha joto chini, likaviunguza vitu ambavyo hata ulimi mmoja wa moto haujavigusa: shuka, viti, mkeka, nguo zilizotundikwa. Vitu hivyo huanza kufuka mvuke unaowaka. Joto la lile wingu likifika kiasi cha digrii 500 au 600, chumba kizima hushika moto kwa pamoja, kufumba na kufumbua. Kabla ya hapo mtu aliyemo aweza kutoka. Baada ya hapo hakuna aliyemo atakayesalimika.

Je, muda uliopo kabla ya hapo ni wa kiasi gani? Majaribio yaliyofanywa Marekani yameonyesha kuwa chumba chenye samani za zamani, za mbao, pamba na sufi, kilichukua karibu nusu saa mpaka kushika chote. Chumba chenye samani za siku hizi, za sponji na plastiki, kilishika chote katika muda usiotimia dakika 5. Na vyumba vyetu leo vimejaa nini? Godoro la sponji, zulia la plastiki, pazia la nailoni, kiti cha sponji. Baba zetu walilalia vitanda vya kamba na magodoro ya sufi. Sisi tumekilalia kitu kinachoungua kama mafuta ya taa.

Na chandarua, ambacho kwa pwani yetu hii yenye mbu hakiachiki, nacho kina hatari yake. Moto hupanda juu kwa kasi kuliko unavyoshuka. Mtoto yeyote aliyeshika njiti ya kiberiti kichwa chake chini anaijua habari hiyo. Basi chandarua kinachoning'inia kutoka darini mpaka sakafuni kimeuwekea moto ngazi. Mshumaa au kibatari kikiugusa upindo wake, moto hufika juu kabla aliyelala hajageuka ubavu.

Jambo jingine, ndugu zangu: wengi wafao katika nyumba zinazoungua huuawa na moshi kabla ya ndimi za moto kuwafikia. Ndani ya moshi mna hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia mwilini huishika damu kwa nguvu zinazopita mara 200 nguvu za hewa njema, basi mtu hulegea, akapotewa na akili, akafa mahali alipo. Sponji ikiungua huongeza sumu nyingine, ya sianidi. Wala asiseme mtu, nitaamka nikisikia harufu. Pua ya aliyelala imelala naye. Ndiyo maana Mtume (S.A.W.) hakutuambia tuusikilize moto usiku, ametuambia tuuzime.

Sasa tuzitazame nyumba zetu wenyewe. Nyumba nyingi za Ngamiani, Usagara, Mabawa na mitaa mingine ya Tanga zina ukumbi katikati na vyumba huku na huku, na katika nyingi kuta za vyumba hazifiki kwenye paa. Mtu akikohoa chumba cha mbele husikika chumba cha nyuma. Basi palipopita sauti, moshi nao hupita, na moto huufuata moshi. Moto ulioanza chumba cha mpangaji mmoja huruka juu ya ukuta ukatembea chini ya bati, ukashika mapau ya nyumba nzima, na watu wa vyumba vingine bado wamelala. Bati lenyewe haliungui, lakini hulichukua joto likalipeleka mbele, mbao iliyo mbali ikaanza kufuka. Na huko vijijini, Tongoni, Kigombe, Moa na kwingineko kunakoezekwa makuti, upepo wa Kaskazi huchukua cheche ya paa moja ikaangukia la tatu.

Jambo moja huuzuia mwendo huo, nalo ni mlango uliorudishwa. Mlango wa mbao uliofungwa huuchelewesha moshi na huupunguzia moto hewa. Chumba ambacho mlango wake umerudishwa hubaki na hewa ya kuvutia pumzi wakati ukumbi umekwisha kuwa tanuri. Na hapa, enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tumefika kwenye jambo ambalo kwa ajili yake nimeichagua khutba hii.

Katika hadithi ile ile ya Jabir, Mtume (S.A.W.) ameamrisha mambo mawili kwa pamoja: taa zizimwe na milango ifungwe. Wapo watu walioisikia amri ya milango wakaisahau ya taa. Na wapo waliokosea kuifahamu hiyo ya milango yenyewe. Mlango unaofungwa kwa komeo na aliye ndani ni hifadhi. Mlango uliotiwa kufuli kwa nje, na watu wamelala ndani, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu aliye nyumba nyingine, huo haukuamrishwa. Huo si hifadhi, ni kifungo.

Nayasema haya kwa sababu ya mambo yaliyotokea katika nchi zetu. Juni 18, 1994, katika shule ya sekondari ya Shauritanga, wilayani Rombo, bweni liliungua usiku, wakafariki wasichana 40. Agosti 2009, katika shule ya sekondari ya Idodi, mkoani Iringa, wakafariki wasichana 12, na chanzo kilichotajwa ni mshumaa. Kwa majirani zetu wa Kenya, Machi 26, 2001, katika shule ya Kyanguli, Machakos, wavulana 67 waliteketea. Moto huo uliwashwa kwa makusudi, kwa petroli, lakini tazameni lililouzidisha msiba: bweni lilikuwa na milango miwili, mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na nondo. Septemba 14, 2020, mkoani Kagera, wilaya ya Kyerwa, moto uliingia bweni la shule ya Kiislamu ya Byamungu, wakafariki watoto wasiopungua 10. Na Septemba 5, 2024, huko Nyeri, shule ya Hillside Endarasha, bweni lililolaza wavulana zaidi ya 150 liliungua, wakafariki watoto 21. Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa, na awape subira wazazi wao.

Ndugu zangu, sisi huku Tanga ni watu wa vyuo. Watoto wetu na watoto wa wenzetu hulala katika dahalia za madrasa na za shule, wengine wakiwa na umri wa miaka saba au minane. Naulizeni: mlango wa dahalia unafungwaje usiku, na ufunguo anao nani?

Nawajua wanaofunga, na ninaijua nia yao. Hufunga kwa kuogopa mwizi. Hufunga ili kijana asitoroke. Na katika dahalia za mabinti hufunga kwa ajili ya sitara na heshima, na wazazi wenyewe ndio wanaotaka iwe hivyo. Nia hizo ni njema, wala simdharau mwenye kuilinda heshima ya mtoto wa mwenziwe. Lakini wanazuoni wetu wamehesabu mambo matano ambayo sheria imekuja kuyahifadhi: dini, roho, akili, kizazi na mali. Mwizi huchukua mali. Anayetoroka hurudishwa. Heshima hulindwa na mlinzi aliye macho, na malezi, na mwalimu wa zamu anayelala pale pale. Roho ikishatoka hairudishwi na kitu. Basi itakuwaje tuilinde mali kwa kuiweka roho rehani?

Na Mtume (S.A.W.) ametuwekea msingi ambao mafakihi wameujengea milango mingi ya fiqhi, kwamba hapana kudhuru wala kudhuriana. Kufuli la nje ni dhara iliyo wazi, na mbadala wake upo.

Najiombea mimi na nyinyi msamaha wa Mwenyezi Mungu. Muombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake mwaminifu.

Enyi Waislamu, kuna maneno mawili husemwa kila baada ya msiba wa moto. Yote mawili yana ukweli ndani yake, na yote mawili hutumiwa mahali pasipo pake.

La kwanza ni kwamba ajali haina kinga, limeandikwa, limekuwa. Naam, tunaamini kadari, heri yake na shari yake. Lakini Umar bin Khattab (R.A.), alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, aliwarudisha watu. Alipoulizwa iwapo anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alijibu kuwa anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Na Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo ategemee. Angalieni pia lililotokea Mina, mahali patakatifu, katika siku tukufu. Aprili 15, 1997, moto ulianza kwenye mahema ya mahujaji, upepo ukaukuza, yakaungua mahema yapatayo 70,000, wakafariki mahujaji 343 na kujeruhiwa zaidi ya 1,500. Hawakusema wenyeji kwamba hayo yameandikwa, wakaketi. Waliyaondoa mahema ya nguo, wakaweka ya kitambaa kisichoshika moto upesi, wakatia mabomba ya maji, wakakataza majiko ya gesi mahemani. Huko ndiko kutegemea pamoja na kufunga ngamia.

La pili ni kwamba aliyekufa kwa moto ni shahidi. Ni kweli, hadithi imekuja kuwa afaye kwa kuungua huhesabiwa miongoni mwa mashahidi, na hiyo ni liwazo kubwa kwa mzazi aliyefiwa. Lakini liwazo hilo ni la mfiwa; halikuwekwa kuwa udhuru wa aliyefunga mlango. Daraja ya marehemu haimfutii mlinzi dhima yake. Qur'ani, katika Suratun Nisaa aya ya 92, imemwekea kafara na diya hata mtu aliyeua kwa kukosea. Sitoi hapa hukumu ya mtu wala ya shule yoyote. Hukumu ni kazi ya mahakama, kisha ni ya Mola. Nasema tu kwamba mwenye ufunguo ana amana, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

Basi haya ndiyo ninayokuombeni myatende, na myaanze usiku wa leo.

Kwanza, moto usilale nanyi. Baba au mama wa nyumba azunguke kabla ya kulala: jiko la mkaa litolewe uani na makaa yazimwe kwa maji au mchanga, mshumaa na kibatari visiwekwe karibu na chandarua, na anayesoma usiku asisomee kwa mshumaa kitandani, valvu ya mtungi wa gesi ifungwe, maana gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni ikaingoja cheche, pasi ichomolewe, simu isichajiwe juu ya godoro. Wala jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa ajili ya baridi au kufukiza, kisha watu wakajifungia nalo. Hata lisipounguza kitu, moshi wake usioonekana unaua.

Pili, mlango urudishwe, usitiwe kufuli la nje. Ufungwe kwa komeo au kitasa ambacho mtoto aliye ndani anakifungua kwa mkono wake, gizani, bila ya ufunguo. Penye dahalia iwe milango miwili, kila mmoja upande wake, yote ifunguke kwa nje, na vitanda visiizibe. Penye dirisha la nondo, moja kwa uchache lifanywe la bawaba, lifunguke kutokea ndani. Fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kazi hiyo. Ikiwa kamati ya madrasa haina fedha, na sisi jirani tuchange. Mabakuli tunayoyapitisha kwa ajili ya jamvi na rangi yaweza kupitishwa kwa ajili ya bawaba.

Tatu, fundisheni watoto. Nyumba ikijaa moshi, wainame watambae, kwa sababu hewa njema hubaki karibu na sakafu. Kabla ya kufungua mlango, waupapase kwa mgongo wa mkono. Ukiwa wa moto, wasiufungue, watafute njia nyingine. Wakishatoka, wasirudi kwa ajili ya sanduku wala daftari, na wasijifiche chini ya kitanda, kwani mdogo aliyejificha haonekani. Nguo ikimshika mtu asikimbie, maana mbio humwongezea moto hewa. Alale chini abiringike. Mafuta yakishika moto jikoni yafunikwe, wala yasimwagiwe maji, maana maji hugeuka mvuke kwa ghafla yakayarusha mafuta yanayowaka mpaka darini. Na wapige simu nambari 114, ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, mapema, kabla ya kujaribu kuwa mashujaa.

Nanyi, vijana wanafunzi mliolala dahalia, nina neno nanyi. Mwalimu anapofanya zoezi la kutoka bwenini usiku, msilifanye mchezo wala msinung'unike usingizi uliokatika. Na yule mwenye hasira na shule yake, akafikiri ataikomoa kwa kiberiti, na ajue kuwa moto hautambui aliyekukosea na asiyekukosea. Huko Kyanguli walioteketea walikuwa ni wanafunzi wenzao.

Nanyi wazazi, mnapompeleka mtoto chuoni huuliza ada, huuliza chakula, huuliza juzuu atakayofika kwa mwaka. Ulizeni na hili: mtoto wangu atatokea mlango gani usiku, na nani atamfungulia? Mwalimu mwema hatakasirika. Atakuongoza mkono akuonyeshe. Na asipokuwa na jibu, swali lako limemsaidia kabla ya yeye kuulizwa na Mola wake.

Ewe Mola wetu, tuhifadhi sisi na watoto wetu na moto wa dunia na Moto wa Akhera. Warehemu waliofariki kwa kuungua, uwapokee kwa daraja za mashahidi, na uipoze mioyo ya wazazi wao. Uwape nguvu wazima moto na madaktari wanaowahudumia waliojeruhiwa. Utujaalie tuwe wachunga waaminifu, tusije siku ile na roho ya mtu katika hesabu zetu. Amin, ewe Mola wa viumbe wote. Simamisheni sala, Mwenyezi Mungu akurehemuni.